Anayeteswa kwa imani asiamriwe kufurahi

Mhariri,

Kila Juni 3 inapokaribia, makanisa mengi ya Kanda ya Ziwa huwakumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa Namugongo mwaka 1886. Ni vema. Kinachotuuma ni mahubiri yanayogeuka amri: ukiteswa, furahi. Aliye katika mateso hutoka ibadani na mzigo wa pili, aibu ya kuwa na machozi.

Kwanza ipimwe sababu. Yesu aliweka sharti katika Mathayo 5:11: tunenewe mabaya kwa uongo, na kwa ajili yake. Kibarua aliyefukuzwa kwa kuchelewa kazini kila baada ya mkesha hajateswa kwa imani. Mke anayepigwa naye asiambiwe abebe msalaba. Asindikizwe polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Lakini yupo kijana mvuvi wa dagaa anayekataa kwenda kwa mganga na wenzake ili mtumbwi ufanyiwe dawa. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anamwacha mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, ambazo wavuvi huziita giza. Akikosa giza hilo, mbalamwezi inamkuta hana hata senti. Huyo ndiye hasa wa Mathayo 5, na wiki ya kwanza asihubiriwe. Waende watu wawili tu, wakae, wamsikilize. Wasome naye Zaburi 13, inayoanza kwa kulia "hata lini?" na kuishia kwa kuimba, na wasirukie mwisho wake. Kabla ya kuaga waulize deni la dukani, kodi ya chumba na unga uliobaki. Msaada ufike mpaka giza linalofuata, huku wazee wakimtafutia mtumbwi mwingine. Tunakosea pale tunapomchangia Jumapili moja kwa vigelegele, kisha wiki ya tatu, ndugu zake wanapoanza kumcheka, hakuna anayebisha hodi.

Waebrania 10:34 inatufundisha hapo. Waliokubali kwa furaha kunyang'anywa mali ndio hao hao waliowahurumia wafungwa. Walikuwa wanabebana. Nao mitume katika Matendo 5:41 hawakufurahia fimbo. Walifurahi kuhesabiwa kuwa wamestahili kuaibishwa kwa ajili ya Jina. Furaha ya namna hiyo Mungu huitoa kwa wakati wake, na tumeiona ikija, mara nyingi baada ya machozi, si badala yake.

Wala furaha haifuti haki. Paulo na Sila waliimba usiku gerezani Filipi, miguu ikiwa kwenye mkatale. Kulipokucha Paulo alikataa kutolewa kimyakimya, akataka wakuu waje wenyewe. Basi mwajiriwa aliyeachishwa kazi kwa sababu ya dini yake apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Wengi huambiwa wafunge na kuomba kwanza, siku zinakwisha. Waombe, na fomu iwe imeshapelekwa.

Mwisho, wachungaji wasimwite mtu huyo madhabahuni kutoa ushuhuda kabla hajasema mwenyewe kwamba yuko tayari. Akikubali, asimtaje tajiri wake kwa jina. Mwalo ni mmoja, na kesho atahitaji kazi papo hapo.

Wazee wa kanisa,
Igombe, Mwanza