Swali la barazani lisiloulizwa vyuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna vijana wetu wa vyuo vikuu wanavyofundishwa uraia na maadili.

Likizo iliyopita, barazani kwetu Ngamiani, mpwa wangu anayesoma mwaka wa pili alipokea kwenye simu tangazo la mikopo ya wanafunzi, lenye nembo na mhuri, akalirusha papo hapo katika makundi matatu ya WhatsApp. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akamuuliza, "Mjukuu wangu, hayo umeyapata wapi?" Kijana hakuwa na jibu, na kabla ya magharibi ikabainika kuwa tangazo lile ni la kughushi.

Simlaumu peke yake. Uraia amesoma tangu shuleni na kufaulu, na mihimili ya dola anaitaja bila kusita. Lakini hakuna aliyewahi kumfunulia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu cha 16 inamshika anayechapisha habari huku akijua kuwa ni za uongo na akiwa na nia ya kupotosha umma. Yule asiyejua kwa sababu hakujishughulisha kujua, ambaye ndiye aliye wengi, ameachiwa maadili yake mwenyewe, na hapo ndipo elimu ya chuo inapopaswa kuingia.

Isiingie kwa vitisho, hata hivyo. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na haki ya kutafuta habari, na Ibara ya 30 inamzuia asiitumie haki hiyo kuvunja za wenzake. Kijana akisomeshwa ya pili bila ya kwanza hujifunza kunyamaza hadharani na kunong'ona kwenye makundi.

Wala tusiziachie kampuni za mitandao kazi hii. Tangu mwaka 2020 WhatsApp imezuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mno usipelekwe zaidi ya gumzo moja kwa wakati, na vijana (nimewaona kwa macho yangu) hupiga picha ya skrini wakaendelea.

Napendekeza kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa sheria, apewe zoezi lenye maksi: achukue habari moja iliyozagaa chuoni kwake, aifuate nyuma hadi pale itakapomkatikia, kisha aandike nani alipaswa kuuliza na hakuuliza, huku akificha majina ya watu kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotufundisha kuheshimu faragha.

Mpwa wangu aliyarudia makundi yote matatu akakiri kosa. Katika kundi la darasa lake walimcheka hadi usiku, nami nikatamani mhadhiri wao mmoja angekuwamo humo.

Wako,
Mzazi, Ngamiani, Tanga