Shukrani kwa dada wa meza ya dirishani

Dada yangu, ambaye sikuwahi kukuuliza jina, naandika kukushukuru kwa saa mbili ulizonipa maktabani, siku niliyofungua Blender, programu ya kutengeneza katuni zinazotembea, kwa mara ya kwanza na kudhani kompyuta yangu ni mbovu. Kila nilipoinua mkono wa kikaragosi wangu na kusogea fremu ya mbele (yaani picha inayofuata), mkono ulirudi ulipokuwa, nami nikaanza upya. Hukunicheka, ulinionyesha kwamba mkao usipohifadhiwa kwa kubonyeza herufi I, programu haiukumbuki. Kisha, badala ya kunishikia kipanya, ulisimama ukatembea polepole kati ya meza (mlinzi alitutazama sana) ili nione kwamba kisigino hutangulia kugusa sakafu na kwamba nyonga hushuka mguu unapopokea uzito. Ulinishauri nipange kwanza mikao minne tu ya hatua moja ndani ya fremu 12, yaani nusu sekunde kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, na nisihangaike na vidole wala uso. Kikaragosi wangu sasa anatembea, ijapokuwa mguu wake wa kushoto bado unateleza kidogo. Ahsante sana, dada.