Warsha za mtandaoni zisitukute kwenye daladala

Mhariri,

Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 inamtaka mwalimu asajiliwe na awe na leseni. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia warsha za kujiandaa, na siku hizi nyingi ziko mtandaoni. Maudhui siyalalamikii. Juzi nimejifunza kutunga maswali yanayopima uelewa badala ya kukariri, jambo ambalo chuoni nililipita juujuu tu.

Ila warsha hiyo ilipangwa saa kumi jioni, siku ya kazi! Saa hizo nimebeba madaftari zaidi ya 80 ya kusahihisha, nagombania daladala ya Mbagala. Niliifuatilia nimesimama, sikio moja kwa mkufunzi, jingine kwa konda anayeita "Rangi Tatu, Rangi Tatu!" Kufika Mtoni kwa Azizi Ali, bando likakata. Cheti cha ushiriki nikakikosa, maana mfumo ulinihesabu mtoro. Mtoro mimi, ninayeita majina ya watoto kila asubuhi!

Waandaaji warekodi vipindi tuvipakue kwa wakati wetu, na maswali tuulize baadaye kwa ujumbe. Tena MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari inatukutanisha shuleni. Tukiwa pale tungetazama video moja kwa bando moja, tukabishana papo hapo, na cheti kikatolewa kwa kazi tutakayowasilisha, si kwa dakika mtu alizokaa hewani.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mbagala, Dar es Salaam