Risala ya wazee wa jumuiya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, viongozi wa serikali ya mtaa, wanajumuiya wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu sana kwetu. Jumapili hii ya nne ya Julai ilianza kuadhimishwa mwaka 2021 kwa agizo la Baba Mtakatifu Fransisko, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, babu na bibi yake Yesu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tunaishi peke yetu au na wajukuu. Chakula tunapata, ingawa kwa kuungaunga. Kinachotumaliza ni kukuchwa bila mtu kupiga hodi. Mwenzetu mmoja miguu ilimkatalia, akaacha kuja kwenye sala ya Jumamosi. Jumuiya ikaamua sala ihamie kwake. Tulipofika alfajiri ile tulikuta uwanja umefagiliwa: alifagia akiwa amekaa juu ya kigoda, anakisogeza kidogo kidogo, na mkeka ameshautandika. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetuongoza rozari. Hakutaka huruma yetu, alitaka zamu yake.

Akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, hutufulia na kututekea maji. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, asiyeweza kutembea huletewa Komunyo nyumbani. Majirani zetu Waislamu nao hawatusahau. Ramadhani iliyopita futari ilitufikia ikiwa ya moto, ndani ya hotipoti.

Lakini liko lililo juu ya uwezo wa jumuiya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na inataka mzee asiyejiweza atibiwe bure. Vitambulisho tunavyo. Tukifika dirishani tunaambiwa dawa ya presha imekwisha, tukanunue. Mwezi uliopita kapu la jumuiya, lililochangwa kwa ajili ya unga na sabuni za wagonjwa, liliishia duka la dawa.

Tunakuomba, Mheshimiwa, ulifuatilie suala la dawa. Utufikishie pia ombi la pensheni kwa wazee wote: ndugu zetu wa Zanzibar waliofikisha miaka 70 wanalipwa Pensheni Jamii tangu 2016, nasi huku bara tunaisubiri.

Baada ya Misa tafadhali ufike kwa yule mwenzetu wa kigoda. Amekuandalia chai.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wazee wa jumuiya.