Farasi wa Mzee Ma

Lanzhou, China, 9 Machi

Mpenzi Mwanaidi,

Salamu zako zimefika. Sijambo, ni baridi tu inayonitesa. Waniuliza kama mababu wa Bwana Ma, msimamizi wa kaka yako, walikuwa wafuga farasi, kwa kuwa umesikia "ma" kwa Kichina ni farasi.

Ni farasi kweli. Jana nilimwomba mzee wa mgahawa wa tambi hapa chini, naye ni Ma, aniandikie jina lake kwa mtindo wa zamani. Akachovya kidole kwenye chai, akachora mezani: 馬. Mistari ya juu ni manyoya ya shingo. Vinukta vinne chini ni mabaki ya miguu na mkia. Siku hizi huandikwa 马, mistari mitatu badala ya kumi. Kabla sijashiba kumtazama farasi, chai ikakauka.

Lakini jina halikutoka zizini. Husimuliwa kuwa Zhao She, jemadari wa dola ya Zhao katika China ya kale, alilishinda jeshi la dola ya Qin huko Yanyu karibu mwaka 270 KK, akatunukiwa cheo cha Bwana wa Mafu. Wajukuu wakajiita Mafu, baadaye wakafupisha, ikabaki Ma.

Mzee wangu hana habari na jemadari huyo. Yeye ni Mhui, kabila la Waislamu wa China, na kwa Wahui wengi Ma ni Muhammad, lililofupishwa na kuvishwa herufi ya Kichina inayokaribiana nalo kwa sauti. Wana msemo wao: Wahui kumi, tisa ni Ma. Nasi "ma" yetu si ndiyo ya wingi, macho, maembe?

Tena kuna la kwenu Malindi. Yule nahodha mkuu wa China, Zheng He, alizaliwa Ma, mtoto wa haji wa jimbo la Yunnan. Hilo jina la Zheng alipewa na mfalme Yongle wa China mwaka 1404. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme huyo mwaka 1415, na miaka michache baadaye merikebu za Zheng He zikatia nanga kwenu. Mwambie Bwana Ma kwamba si wa kwanza.

Ila angalia unavyolitamka: sauti ishuke, kisha ipande. Ukiishusha tu, umetaja matusi. Ukiishikilia juu, umesema mama. Mimi wiki ya kwanza nilimwita mzee wa watu mama, mgahawa umejaa. Hadi leo akiniletea bakuli husema, "Kula, mwanangu."

Wako,
Zuhura