Amplifaya kubwa sio dawa ya chaneli inayomwagika kwa jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita kwamba kituo chao kidogo cha TV kinaingilia chaneli ya jirani, na eti dawa ni kununua amplifaya yenye nguvu mara mbili. Mimi ni fundi transmita, nimeanza enzi za analojia kabla Dar haijazimiwa tarehe 31 Desemba 2012, na ushauri huo huo nilishapewa na muuzaji mmoja hivi, tukanunua kweli, na luku inatukumbusha kila mwezi.

Tatizo liko hivi. Amplifaya ukiipa mawimbi madogo inayakuza vizuri tu, ukizidi kuipandisha inafika mahali inachoka na vilele vinabanwa. Waliosikiliza mchiriku kwenye spika za kizamani wanaijua ile sauti ya kukwaruza, sasa kwenye mchiriku ndo utamu wenyewe ila kwenye DVB-T2, ule mfumo wa kurusha TV ya kidijitali, ni balaa. Mawimbi yale yameundwa na vimawimbi maelfu vinavyosafiri pamoja, kuna wakati vingi vinapanda kwa mpigo na kilele kinafika kama mara 10 ya nguvu ya wastani. Kikibanwa, chaneli ya MHz 8 inaota mabega kushoto na kulia, yaani mawimbi yanayomwagikia chaneli za pembeni, na distosheni (kupindwa kwa mawimbi) ya daraja la tatu, ile ya mawimbi kuzidishwa yenyewe mara tatu, peke yake inatanuka mpaka MHz 24, hapo ndo jirani anaanza kupiga simu.

Ukinunua kubwa ukaiendesha chini mabega yanapungua, sibishi. Lakini piga hesabu: klasi B, aina mojawapo ya amplifaya, hata kwenye karatasi mwisho wake ni asilimia 78.5 ya umeme kugeuka mawimbi, ukishusha nguvu mara 10 inabaki kama 25, na kiuhalisia ni chini ya hapo. Kinachobaki chote ni joto, yaani unanunua umeme wa kupasha chumba halafu unanunua mwingine wa eisii ya kukipoza!

Fundi cherehani mzuri akijua kitambaa kikifuliwa kitarudi, na urefu utarudi kuliko upana, anakata kwa kuongeza pale pale kitakaporudi. Pridistosheni ya kidijitali ndo hiyo, hakuna uchawi. Unachukua kipande kidogo cha mawimbi yanayotoka kwenye amplifaya, unakilinganisha na ulichoingiza, unaona vilele vimebanwa kiasi gani na fezi (muda wa wimbi kupanda na kushuka) imeyumba kiasi gani, basi mawimbi yanayofuata unayapindisha kinyume chake kabla hayajaingia, na amplifaya ikishayapinda kwa tabia yake yanatoka yamenyooka.

Najua watu wanaogopa wakisikia hesabu zake, na kweli ukifuata Voltera kamili, ile fomula ndefu ya kueleza tabia ya amplifaya, yenye vizidishi mamia, kwa sampuli (vipimo vya wimbi) milioni 40 kwa sekunde unaingia kwenye kuzidisha mabilioni, prosesa yenyewe inakuwa pasi. Lakini nani kasema kituo cha wilayani kinahitaji yote hayo? Jedwali la mistari 256 linaangalia tu ukubwa wa sampuli, linachukua namba moja, linazidisha mara moja, kwisha. Amplifaya ikiwa na kumbukumbu, maana sampuli zilizopita huwa zinaivuruga ya sasa, unaweka polinomia fupi, yaani fomula ya kujumlisha vipeo vya sampuli, madaraja ya 1, 3 na 5 kwa sampuli tatu, jumla namba 9. Na kutafuta hizo namba 9 sio kazi ya haraka, joto la amplifaya na uzee wake vinabadilika polepole kwahiyo kompyuta ndogo inaweza kuzikokotoa taratibu pembeni wakati kazi ya kuzidisha inaendelea. Wenzetu wa simu hapa ndo wanabanwa zaidi, antena moja ya 5G inaweza kuwa na amplifaya ndogo 64 na kila moja inataka marekebisho yake, hesabu ikiwa nzito inakula wati zote ulizookoa.

Ila nisimdanganye ndugu yangu, kilele kikishagonga dari hakuna hesabu itakayokirudisha, kwahiyo amplifaya ya wati chache usiikamue kama muwa. Lazima vilele vikatwe kidogo kwa adabu kabla, na nafasi kidogo iachwe juu.

Kwahiyo kabla hamjasaini, mwambieni muuzaji aiwashe kwa nguvu ile ile mtakayorushia, aweke spektramu analaiza, kifaa cha kuonyesha mawimbi yameenea mpaka wapi, awaonyeshe mabega marekebisho yakiwa yamezimwa halafu yakiwa yamewashwa, na asome wati zinazotoka ukutani mara zote mbili. Yule wetu tulimwomba hivyo baada ya kulipa, akasema amesahau kebo.

Fundi mitambo,
Morogoro