Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: salamu za sikukuu tumezipata, tunangoja hesabu ya kura

Mombasa, Desemba 2024

Mheshimiwa Mbunge,

Asalaam aleikum, na kwa Wakristo walioko ofisini kwako, heri ya Krismasi. Kwa cheo nakuita Mheshimiwa. Kwa umri ungekuwa mwanangu, kwa hivyo utanivumilia nikisema jambo bila kulizungusha.

Salamu zako za kufunga mwaka zilitufikia kwenye simu usiku, zikapitishwa kundi hadi kundi mpaka mtaa mzima ukawa nazo. Kurasa tatu, na picha yako ndani ya kanzu na koti. Waliofika ukurasa wa tatu sidhani ni wengi. Mimi nilifika.

Ulianza na umoja, na hapo sina neno. Mtu wa Mombasa hafundishwi kwamba siku ya Idi sahani ya biriani huvuka kwa jirani Mkristo, na Desemba sahani hiyo hurudi na kuku na chapati. Wageni wa bara wameshateremka na treni ya SGR, ufuo wa Pirates hauna pa kutia mguu, na sisi wachuuzi tunamshukuru Mungu. Ukaendelea na familia, maadili, malezi, heshima kwa wazee. Magazetini wanakuita mhafidhina kama kwamba wanakutukana. Kwangu mimi si tusi. Nilikupigia kura 2022 kwa sababu hiyo hiyo, na nikawasemesha wenzangu wa chama cha kina mama wakakupa zao. Lijue hilo kabla hujanitia kwenye kapu la wapinzani wako.

Shida yangu ni ukurasa wa tatu, ule wa sera. Nimetafuta humo mswada mmoja uliouleta, pendekezo moja la kurekebisha sheria, kura moja uliyoipiga. Sikuona. Nimeona kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Nimeona vijana wajiepushe na dawa za kulevya. Nimeona tuzidi kuombeana. Hayo imamu wetu anatuambia kila Ijumaa, padri anawaambia wenzetu kila Jumapili, na hakuna kati yao anayelipwa mshahara wa Bunge kwa kuyasema.

Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinasema familia ndiyo msingi wa jamii na kwamba Serikali itaitambua na kuilinda. Kifungu cha 95 nacho kinasema nyinyi ndio mnaotunga sheria, mnaogawa mapato na mnaosimamia matumizi yake. Soma hicho cha pili baada ya cha kwanza, Mheshimiwa. Utaona kwamba mtu anayesimama jukwaani kuitetea familia, naye ni mbunge, ana vifaa vya kuitetea ambavyo imamu hana.

Tuchukue muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, maana ndio ulioupigia kelele zaidi. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, nje ya nyumba, kwenye njia ya wanafunzi. Hatua chache kutoka meza yangu kuna kibanda cha muguka, na hufunguliwa kabla sijaepua mahamri ya kwanza. Vijana wa maskani wanajaa hapo, shavu moja limefura, majani yametapakaa miguuni, njugu mkono huu na soda mkono ule. Kuna asubuhi nilimwona mtoto aliyevaa sare akinunua kwa pesa aliyopewa ya chakula. Nikamfokea, akakimbia. Muuzaji akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mbona biashara hii ni halali?"

Na kweli ni halali. Mei mwaka huu Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku hapa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, na mtaani kwetu tulishangilia. Hazikupita siku nyingi Rais akakutana Ikulu na viongozi wa Embu, kunakolimwa muguka, akasema marufuku hiyo haina nguvu kwa kuwa miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na sheria ya taifa. Kisha Mahakama Kuu kule Embu ikaisimamisha. Sheria yenyewe ni ile ya mazao ya 2013. Aliyeipitisha ni Bunge, na wa kuirekebisha ni Bunge. Gavana alijaribu kufunga mlango ambao ufunguo wake uko Nairobi, tena mmoja wa walioushika ni wewe.

Sikwambii ukang'oe mimea ya watu. Mkulima wa Mbeere kule Embu anasomesha kwa muguka kama mimi nilivyosomesha kwa mahamri, na wabunge wake wanajua walichotumwa: walipoguswa tu, walibisha hodi Ikulu. Ninalouliza ni kwa nini wetu sisi hana hata mswada wa karatasi mbili mkononi. Mfano upo tayari. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, inaweka saa za kuuza, na inataka baa iwe mbali na shule kwa mita 300 au zaidi. Chukua hiyo, toa pombe, tia muguka, peleka Bungeni. Hata mbunge wa Embu angeona haya kusimama mbele ya kamera kuupinga. Na akiupinga, basi angalau tutajua ni nani aliyetuangusha, na kwamba si wewe.

Kuhusu unga, yaani heroini, umetuhimiza tuwaombee vijana wetu. Tunawaombea, wallahi. Jirani yangu ana kijana aliyekuwa teja, sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha heroini. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, iwe Idi, iwe Krismasi, iwe mvua ya masika. Mama huyu hashindwi na imani. Anashindwa na nauli ya kwenda na kurudi. Huduma ya methadoni nchini inatimiza miaka 10 mwezi huu, na kwa sehemu kubwa bado inasimama kwa pesa za wafadhili wa nje. Umewahi kuuliza kwenye kamati yoyote, siku mfadhili akifunga mkoba, vijana hawa watakunywa nini kesho yake? Hilo pia ni swali la maadili, ingawa halipendezi kwenye bango.

Sasa basari, ule msaada wa karo. Picha ni nyingi: wewe, mwanafunzi, na hundi ya boksi iliyo ndefu kuliko mwanafunzi mwenyewe. Dini zetu zote mbili zinafundisha kwamba anayetoa sadaka kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue. Na hiyo hata si sadaka yako, Mheshimiwa. Ni ushuru niliotozwa kwenye unga wa ngano na mafuta ya kukaangia, umezunguka Nairobi ukarudi. Mzazi anajaza fomu, anatafuta sahihi ya chifu, anatafuta muhuri wa msikiti au kanisa, anapanga foleni, halafu anangoja bila kujua kama jina la mtoto limo au halimo. Bandikeni majina ukutani: nani kapata, kiasi gani, shule ipi. Septemba mwaka huu Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 2015 ya NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge unaotoa basari hizi, inakwenda kinyume cha Katiba, ikaupa mfuko huo hadi Juni 30, 2026. Mimi sitaki basari ife. Najua watoto ambao bila hiyo wangekuwa nyumbani. Lakini ukitaka tusimame nawe kuitetea, tuonyeshe kwanza orodha. Kwenye salamu zako hukumu hiyo hukuigusa, na Januari ndiyo hiyo inabisha, na watoto wa kwanza wa mtaala mpya wanaingia Gredi ya 9 katika shule zile zile za msingi ambazo vyumba vyake tunavijua.

Nimeliweka mwisho lile ambalo wengi mtaani wangelitanguliza. Juni 25, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita Bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku ile vijana walikuwa barabarani wakiupinga, hapa Mombasa na kwingineko, na wengine nchini hawakurudi makwao. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Orodha ya nani kasema ndiyo na nani kasema la ilizunguka kwenye simu zetu kama salamu zako zinavyozunguka sasa. Lako tuliliona. Sababu zako hatujazisikia mpaka leo. Mtu anaweza kupiga kura nisiyoipenda, akaja akanieleza akaninyoosha, nikamheshimu. Ila kuandika kurasa tatu za kufunga mwaka wa 2024 bila kuutaja Juni, hiyo si busara ya kutotonesha vidonda. Hiyo ni kutukwepa. Na makato hayakwisha na mswada ule. Mwanangu mwenye kazi ya ajira anakatwa 1.5% ya mshahara ya nyumba, na tangu Oktoba 1 anakatwa 2.75% ya bima mpya ya afya. Pengine yote mawili ni mazuri, sibishi. Nataka kusikia kutoka kwako, unayesema familia kwanza, kwamba ulikaa ukapiga hesabu ya familia ya mshahara wa elfu ishirini kabla ya kusema ndiyo.

Kwa hivyo nina ombi. Bunge liko likizo na halirudi mpaka Jumanne ya pili ya Februari. Kabla hujapanda ndege, tuitie baraza moja hapa jimboni. Si mkutano wa jukwaa na vipaza sauti na wasanii. Baraza la kukaa na kuulizana. Uje na karatasi inayoonyesha kila kura uliyopiga mwaka huu na sababu yake, orodha ya basari, na rasimu ya mswada wa muguka hata kama ni ya kalamu. Usitume mwakilishi, yule kijana wako ni mpole, lakini kila swali analijibu kwa kusema atakufikishia.

Jumamosi asubuhi ingetufaa zaidi, nikishamaliza mahamri. Na tafadhali tangazo lije wiki moja kabla, lisije usiku wa kuamkia siku yenyewe, maana wazee hawana simu za kupokea makundi na lazima mtu apite nyumba kwa nyumba kuwaambia. Kupita nitapita mimi na kina mama wenzangu. Nipe tarehe tu.

Wako,
Mzazi na mpiga kura wako, Mombasa